Waridi la Kabale limefika Entebbe na kupoteza harufu. Kwa nini?

Nyabo_Kitooro (Entebbe)
Habari zenu wapenda maua. Nina jambo linaninyima raha, naomba wenye ujuzi mnisaidie.

Dada yangu anaishi Kabale na nyuma ya jikoni kwake kuna waridi jekundu la rangi ya damu ya mzee, refu kuliko mtu. Mzee aliyempa mche alimwambia jina lake Mister Lincoln. Ukifungua mlango asubuhi harufu inakupokea kabla hujaliona ua lenyewe. Nilikata vijiti kwake, nikavipanda hapa Entebbe, vikashika vizuri. Sasa mti umekua, unatoa maua bila kupumzika, rangi ni ile ile. Lakini harufu hakuna! Mpaka uzamishe pua katikati ya ua ndipo upate kidogo. Na maua yenyewe ni madogo.

Nalilisha samadi ya kuku, maji ni ya bomba, linapata jua hadi saa sita kisha kivuli cha mwembe. Je, ni hewa, ni udongo, au siyo waridi lile? Tafadhali msiniambie ninunue lingine. Hili ndilo mama yetu alikuwa akilichuma kupeleka kanisani, nalitaka hili hili.

Kigezi_Juu (Kabale)
Jibu liko kwenye mlima, nyabo. Kabale tuko juu ya mita 1,800, ninyi hapo ziwani mko kwenye 1,150 hivi. Usiku wetu unashuka hadi nyuzi 10 au 12, wenu ukishuka sana ni 17. Tumba la waridi kwenye baridi hufunguka polepole, linapata muda wa kunenepa na kujaza mafuta yake. Kwenye joto linaharakisha, linafunguka dogo na jepesi.

Tazama hata mashamba ya maua ya biashara. Yale ya Entebbe na Mukono yanajulikana kwa mawaridi ya kichwa kidogo. Naivasha kule Kenya, karibu mita 1,900, wanatoa vichwa vikubwa. Wataalamu ni wazuri pande zote mbili, tofauti ni hewa tu.

Sefu_Tororo
@Kigezi_Juu ukubwa wa ua nakubali kabisa. Kwenye harufu hapo sikubali. Tororo ni joto kama Entebbe au zaidi, nami nina Double Delight, lile jeupe la maziwa lenye kingo nyekundu. Harufu yake inavuka ua hadi kwa jirani, na inavuka zaidi siku za joto lililotulia baada ya mvua. Joto ndilo linaloinua harufu kutoka kwenye petali. Ingekuwa baridi ndiyo kila kitu, langu lisingenukia hata kidogo.

Kigezi_Juu
Double Delight ni mbegu nyingine, ssebo. Kila waridi lina tabia yake. Swali ni kuhusu mmea mmoja katika sehemu mbili.

mama_Tendo
Nafuatilia. Langu la njano halinukii pia.

Mpogoaji_Mukono
Nimefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mawaridi, upande wa kupogoa. Kilichonishtua kwenye maelezo yako ni samadi ya kuku. Hiyo ni kali kwa naitrojeni. Mti unakuwa mnene, majani ya kijani mazito, machipukizi marefu laini, nao unatumia nguvu zake zote kujenga mwili. Maua yatakuja, ila nguvu ya ziada ya kutengeneza manukato inakosekana.

Badilisha. Tumia samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, isiyonuka tena, ndoo moja kuzunguka shina kila mwanzo wa mvua. Maganda ya matoke yakatwe na kufukiwa, yanaleta potasiamu. Majivu kidogo tu, mkono mmoja, maana udongo wetu mwekundu mara nyingi una tindikali, na waridi hupenda pH ya 6 hadi 6.5. Majivu mengi yataharibu upande wa pili.

Hajati_Bombo
Assalam alaikum wanangu. Kabla hamjauchimbua mti wa watu, mmeuliza anaunusa saa ngapi?

Sisi tuliolelewa na marashi tunajua waridi lina saa yake. Wanaochuma mawaridi ya Taif kule Saudia huingia shambani alfajiri, na jua likipanda wanakuwa wameshamaliza, kwa sababu jua likilipiga ua yale mafuta yanapaa hewani. Na Taif yenyewe iko milimani, si jangwani chini. Ua la kunusa ni lile lililofunguka nusu. Likishafunguka lote hadi ukaona moyo wake wa njano, manukato yake mengi yameshakwenda.

Kwa hiyo nyabo, amka, nenda saa kumi na mbili na nusu, shika ua lililofunguka nusu, kisha urudi utuambie.

Nyabo_Kitooro
Asante Hajati. Kweli mimi nalinusa jioni nikitoka kazini, asubuhi natoka mapema kuwahi taksi.

Sefu_Tororo
Nyabo! Umelishtaki waridi mbele ya ukoo mzima na hukulipa nafasi ya kujitetea 😄

Nyabo_Kitooro
@Sefu_Tororo ngoja kwanza. Hata kwa dada nilikuwa nalinusa jioni, na lilinukia. Nitaamka mapema Jumamosi nijaribu, lakini saa pekee haitoshi kueleza tofauti hii.

Fundi_Kubebesha (Mbarara)
Mimi nashuku utambulisho wa mti wenyewe. Mawaridi mengi ya bustani yamebebeshwa, yaani jicho la waridi zuri limepachikwa juu ya shina la waridi gumu lenye mizizi yenye nguvu. Hapa Afrika Mashariki shina linalotumika sana ni Natal Briar, kwingine Dr. Huey. Mti ukizeeka au ukipogolewa vibaya, lile shina la chini huchipua lenyewe na kumeza la juu. Mtu akija kukata vijiti, anakata cha chini bila kujua. Ndiyo maana unasikia watu wanasema "waridi langu limegeuka".

Sasa, Natal Briar lisingekupa ua jekundu, lake ni la rangi ya waridi iliyofifia. Lakini Dr. Huey ua lake ni jekundu iliyokolea! Lilitolewa Marekani na kapteni George C. Thomas, na limefanya kazi ya kubeba wenzake kwa miaka mingi sana. Kwa hiyo fanya hivi: chuma ua moja, hesabu petali. Mister Lincoln lina petali 30 hadi 40. Dr. Huey lina kama 15 tu, moyo wa njano unaonekana wazi, na halitoi maua mfululizo.

Jinja_Maua
Mister Lincoln si ni yale mawaridi ya Kiingereza ya David Austin? Yale hayapendi joto letu, labda ndiyo sababu.

Fundi_Kubebesha
Hapana, ndugu. Mister Lincoln ni la Marekani, lilitolewa na Swim na Weeks mwaka 1964, na limepewa jina la rais Abraham Lincoln. Ya David Austin ni kama Graham Thomas la 1983 na Gertrude Jekyll la 1986, umbo lake ni la kizamani, petali zimejikunja ndani kama kichwa cha kabichi. Mister Lincoln lina tumba refu lililochongoka.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Mister Lincoln lina ndugu wa baba mmoja mama mmoja: Oklahoma na Papa Meilland. Wote watatu wazazi wao ni Chrysler Imperial na Charles Mallerin. Wote ni wekundu wa kukolea, wote wananukia sana. Kwa hiyo hata kama yule mzee wa Kabale alichanganya jina, harufu ilipaswa kuwepo.

Nyabo_Kitooro
Nimehesabu. Zimepita 30. Na linachanua mfululizo, halisubiri msimu.

Fundi_Kubebesha
Basi Dr. Huey tumemwondoa. Hilo ni mojawapo ya wale ndugu watatu au jamaa yao wa karibu. Tabia ya mmea haibadiliki kwa kukata kijiti. Warudieni wenye hoja za hewa na mbolea.

Mwalimu_Gulu
Nafundisha bayolojia, naomba niingie hapa kwa urefu kidogo, maana swali hili limewahi kuchunguzwa, tena kwa kutumia Papa Meilland aliyetajwa hapo juu.

Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha kazi katika jarida la Science. Walilinganisha Papa Meilland linalonukia na Rouge Meilland lisilonukia. Walikuta kimeng'enya kimoja, NUDX1, kinafanya kazi kwa nguvu kwenye petali za lile linalonukia, na kwenye lile jingine ni kama kimelala. Kimeng'enya hicho kinasaidia kutengeneza jeranioli, moja ya kemikali kuu za harufu ya waridi. Mambo mengine yanaongezwa na kemikali nyingine, sitroneloli na feniletanoli zikiwemo. Kabla ya hapo wengi walidhani waridi linatumia njia ile ile inayotumiwa na mimea mingine kutengeneza jeranioli. Kumbe lina njia yake.

Hii inamhusu vipi nyabo? Kijiti chake kina jeni zile zile za mti mama wa Kabale, kwa hiyo uwezo upo. Ila malighafi ya manukato inatokana na chakula ambacho majani yanakitengeneza kwa jua. Na hapa ndipo mwembe unaniudhi. Jua hadi saa sita, siku zenye mawingu ya asubuhi kutoka ziwani, linabaki la saa ngapi? Waridi linataka walau saa 6 za jua la wazi, na mizizi ya mwembe nayo inakunywa maji ile ile na kula mbolea ile ile. Kwa maoni yangu tatizo la kwanza ni kivuli.

Mpogoaji_Mukono
Mwalimu umeeleza vizuri. Nami niongeze kwa nini mawaridi ya dukani hayanukii, maana watu huniuliza kila mara. Wanaozalisha mbegu za biashara walichagua kwanza ua linalokaa siku nyingi kwenye chombo, bua refu lililonyooka, na uwezo wa kuvumilia sanduku na ndege. Harufu haikuwa kwenye orodha yao, ikaachwa njiani.

Sefu_Tororo
Wengine wanasema harufu yenyewe ndiyo inayolifanya ua lizeeke haraka, kwa hiyo ukichagua ukaaji unaitupa harufu.

Mpogoaji_Mukono
Nimeisikia, na shambani tulibishana sana juu yake. Nimeona mawaridi yenye harufu yakikaa vizuri chomboni, na yasiyo na harufu yakinyauka upesi. Nadhani harufu ilisahauliwa tu, haikufukuzwa.

BiMkubwa_Kasese
Jamani, mnazungumza kemikali na hakuna aliyeuliza hali ya majani. Nyabo, majani ya chini yakoje?

Nyabo_Kitooro
Yanakuwa ya njano yenye madoa meusi, halafu yanadondoka. Nilidhani ni uzee wake wa kawaida.

BiMkubwa_Kasese
Si uzee, huo ni ugonjwa wa madoa meusi, na ndio adui mkubwa wa waridi katika nchi yenye mvua kama yetu. Ni kuvu. Mbegu zake zikikaa kwenye jani lililolowa kwa saa 7 hivi zinaingia ndani. Entebbe mvua ya ziwani inakuja usiku na alfajiri, mwembe unazuia jua lisikaushe, basi kuvu amepata nyumba ya bure. Mti ukipoteza nusu ya majani yake kila msimu, hiyo nguvu ya kunukia utaitoa wapi? Tena hawa wekundu wa zamani, Papa Meilland hasa, wanajulikana kuwa wadhaifu kwa magonjwa ya kuvu.

Okota kila jani lililoanguka, lichome au lifukie mbali, usilirudishe kwenye mbolea. Mwagilia chini kwenye shina, asubuhi, usimwage maji juu ya majani. Pogoa katikati ya mti hewa ipite. Tandaza nyasi kavu chini ili matone ya mvua yasirushe udongo na kuvu kurudi juu. Ukishaona jani jipya safi, ndipo upige dawa kuzuia.

Jinja_Maua
Dawa gani? Mankozebu tunayopiga kwenye nyanya?

BiMkubwa_Kasese
Inafanya kazi, lakini inazuia tu, haiponyi jani lililokwisha kuugua. Vaa glavu na kitambaa puani, na soma kipimo kilichoandikwa.

Hajati_Bombo
Hapo nasimama kabisa. Ua la kunusa watoto, ua la kutia kwenye chai au kufanyia marashi, msilipige mankozebu hata tone! Mimi napiga magadi ya kuokea, kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji na matone ya sabuni ya maji, kila wiki wakati wa mvua.

BiMkubwa_Kasese
Magadi yanasaidia kwa ule ukungu mweupe wa unga, Hajati. Kwa madoa meusi nguvu yake ni ndogo. Ila kuhusu ua la kula, tuko pamoja.

Ntinda_Kijana
Samahani nyabo, na pua je? Kuna watu walipona korona na harufu za vitu kadhaa hazikurudi vizuri.

Nyabo_Kitooro
Si neno. Asmini ya jirani naisikia vizuri kabisa, na jirani mwenyewe amelinusa waridi langu akasema halina kitu.

Arua_Mpakani
Wakuu, naona hapa kuna wataalamu. Nikitaka lile waridi la kutengenezea marashi, la Damask, naweza kulipanda Arua?

Mwalimu_Gulu
Kulipanda utaweza, kulichanusha ndiyo kazi. Damask ya kawaida huchanua mara moja kwa mwaka, kwenye matawi ya mwaka uliopita, na inahitaji msimu wa baridi wa kweli ili iamke pamoja. Ndiyo maana nchi zake ni kama Bulgaria upande wa Kazanlak, Uturuki upande wa Isparta, na Iran upande wa Kashan. Arua itakupa majani mazuri tu. Kuna aina yake inayoitwa Quatre Saisons, hiyo hurudia kuchanua, ingefaa kujaribiwa Kabale au Kapchorwa kwanza.

Arua_Mpakani
Kwa hiyo biashara ya mafuta ya waridi nisiiote?

Hajati_Bombo
Kilo moja ya mafuta inakula petali tani 3 hadi 5, mwanangu. Anza na maji ya waridi. Chukua sufuria pana, weka kibakuli kizito katikati, petali safi kukizunguka, maji ya kufunika petali. Funika kwa kifuniko kilichogeuzwa juu chini, weka barafu juu yake, moto mdogo mdogo. Mvuke unapanda, unapoa, unadondokea kwenye kibakuli. Ukiona petali zimepauka, zima. Waridi lolote jekundu linalonukia kweli linafaa. Mama yangu alikuwa anamimina kwenye mrashi siku ya maulidi na ya harusi, nyumba nzima inanukia.

Sefu_Tororo
Uzi umeshahamia jikoni 😄 Hajati, nitakuja Bombo na ndoo ya Double Delight.

Hajati_Bombo
Njoo, lakini uwe umezichuma alfajiri. Za saa saba mchana sizipokei.

Kigezi_Juu
Turudi kwa nyabo. Napendekeza jaribio. Akate vijiti kutoka kwenye mti wake wa Entebbe, aturudishie Kabale. Vikichanua huku vikanukia, mjue ni hewa, mwembe na kuku mtawaacha salama.

Mwalimu_Gulu
Haitathibitisha hilo, kaka. Kabale kwenu hakuna mwembe juu yake, hakuna samadi ya kuku, na madoa meusi ni machache. Utakuwa umebadilisha vitu vinne kwa mpigo. Jaribio zuri ni la hapo hapo Entebbe: kijiti kimoja kwenye jua la wazi na samadi ya ng'ombe, kingine kwenye jua lile lile na samadi ya kuku, na mti wa zamani ubaki pale ulipo.

Kigezi_Juu
Na vyote viwili vikikosa harufu, mtakuja mlimani kuniomba msamaha.

Sefu_Tororo
Na vikinukia, utashuka wewe Entebbe na gunia la viazi.

Kigezi_Juu
Sawa. Viazi tunavyo.

Nyabo_Kitooro
Nimenusa asubuhi kama alivyosema Hajati, ua lililofunguka nusu. Harufu ipo! Haijafika ya Kabale, lakini ipo, na ni ile ile ninayoijua. Nimefurahi mno. Nimeokota majani yote ya chini, mwembe nimemwomba mwenye nyumba tupunguze matawi ya upande wa magharibi. Vijiti nitakata wiki hii nipande mbele ya nyumba penye jua. Mnashauri nikate wapi?

Fundi_Kubebesha
Tafuta tawi ambalo ua lake limetoka kunyauka, unene wa penseli. Kata urefu wa sentimita 15 hadi 20 lenye macho matatu au manne, chini kidogo ya jicho la chini, kwa mshazari. Toa majani yote, acha mawili ya juu. Zika nusu kwenye mchanga uliochanganywa na udongo mweusi, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, weka kivulini. Wiki nne hadi nane mizizi inatoka. Usivute kuangalia.

Jinja_Maua
Asali au shubiri kwenye kidonda? Mimi natumia shubiri na vinashika.

Fundi_Kubebesha
Vyote nimeona watu wanatumia, na nimeona vijiti vikishika bila chochote. Kisu kikali na kisafi ndiyo muhimu.

Mpogoaji_Mukono
Na mti wa zamani upogoe mwishoni mwa Juni au Julai mwanzoni, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Kutoka kupogoa hadi kuchanua ni wiki sita hadi nane, kwa hiyo utapata maua kwenye ukavu, madoa yakiwa machache.

Arua_Mpakani
Nyabo, ukikata, mimi naomba vijiti viwili vya Mister Lincoln. Basi la usiku kutoka Kampala linafika huku asubuhi. Vitavumilia?

Fundi_Kubebesha
Vitavumilia. Vifungwe kwenye gazeti lililolowa kisha kukamuliwa, halafu gunia dogo juu yake. Usitie kwenye kavera (mfuko wa plastiki) lililofungwa, vitaungua kwa joto la ndani ya basi. Andika kwenye gunia upande upi ni juu, maana kijiti kikipandwa kichwa chini hakitoi mizizi. Ukivipokea, viloweke kwenye maji saa chache kabla ya kupanda.

Nyabo_Kitooro
@Arua_Mpakani nitumie ujumbe wa faragha jina la kituo cha basi. Nitakuwekea vinne, huko kwenu mchwa ni wengi.